Chumvi imemwagwa, mbona gari limeserereka?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi ni Mama Neema, mzaliwa wa Kigoma, sasa niko Minneapolis mwaka wa pili. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na zamu yangu inaanza saa 12 asubuhi. Wiki iliyopita nilitoka na gari saa 11 alfajiri, baridi ikiwa nyuzi 8 chini ya sifuri kwa kipimo cha hapa. Lori la chumvi lilikuwa limeshapita, chembe zake niliziona zimetapakaa njia nzima. Nilipofika kwenye taa nyekundu nikakanyaga breki, gari likaserereka taratibu mpaka katikati ya njia panda. Namshukuru Mungu hapakuwa na gari lingine. Baba Neema anasema manispaa wanabania chumvi, wangemwaga ya kutosha lami ingebaki safi. Ni kweli? Na sisi mbele ya nyumba tumwage kiasi gani?

JIBU: Pole sana, Mama Neema. Kule kuserereka taratibu, breki umeikanyaga hadi mwisho na gari halina habari nawe, nakujua. Huu ni msimu wangu wa 14 nikiendesha lori la theluji katika vitongoji vya hapa, na bado likinitokea tumbo hunikata.

Baba Neema mpe salamu zangu, lakini katika hili amekosea. Asubuhi ile hata wangemwaga chumvi lami ikawa nyeupe kama meza ya kusukumia chapati, bado ungeserereka. Nyuzi 8 chini ya sifuri za Farenhaiti ni nyuzi 22 chini ya sifuri za Selsiasi, kipimo tulichokulia nacho nyumbani. Chumvi ya barabarani ni ile ile unayotia kwenye mboga, tofauti ni kwamba haijasafishwa na chembe zake ni kubwa. Chumvi hiyo ina kikomo, nacho ni nyuzi 21 chini ya sifuri za Selsiasi. Baridi ikishuka kupita hapo, sio kwamba inayeyusha barafu polepole. Haiyeyushi kabisa. Inakaa juu ya barafu kama kokoto.

Watu wengi wanadhani chumvi inaiunguza barafu, kana kwamba ina moto ndani yake. Haina. Juu ya barafu huwa kuna utando mwembamba mno wa unyevu. Chembe ya chumvi ikiukuta, inayeyukia humo na kuwa maji ya chumvi, na maji ya chumvi yanahitaji baridi kali zaidi ili yagande kuliko maji matupu. Barafu iliyogusana nayo inalegea, inakuwa maji, maji hayo nayo yanachukua chumvi nyingine, na kazi inaendelea kwenda chini hadi kwenye lami. Ila barafu haigeuki maji bure. Inataka joto, na joto hilo lazima litoke mahali fulani: kwenye lami, kwenye jua, kwenye matairi yanayopita. Fanya jaribio jikoni leo jioni. Ponda barafu kwenye bakuli, tumbukiza kipimajoto, utaona kinasimama kwenye sifuri ya Selsiasi au karibu yake. Sasa tia viganja viwili vya chumvi, koroga. Barafu itaanza kuyeyuka mbele ya macho yako, na kipimajoto kitashuka chini ya sifuri, tena chini sana. Wanaotengeneza aiskrimu kwa mkono wanaujua ujanja huu tangu zamani. Yaani chumvi inayeyusha kwa kunyonya joto la vitu vilivyo jirani, na penye jirani maskini haipati kitu.

Hapa Minnesota madereva tunafundishwa kwa jedwali moja ambalo ningependa kila mtu mwenye gari alijue. Lami ikiwa na nyuzi 30 za Farenhaiti, yaani moja tu chini ya sifuri kwa Selsiasi, kilo moja ya chumvi inayeyusha kilo 46 hivi za barafu, na inamaliza kwa dakika 5. Lami ikishuka hadi nyuzi 20, kilo ile ile inayeyusha kilo 8 na ushee, tena kwa dakika 20. Ikifika nyuzi 15, ni kilo 6 kwa saa nzima. Kwenye nyuzi 10 kurasa zetu zinasema wazi kwamba chumvi kavu haifai, itapeperushwa na upepo wa magari kabla haijafanya lolote. Angalia mporomoko huo: kutoka kilo 46 hadi kilo 6, na baridi haijafika hata nusu ya ile ya alfajiri yako. Ndiyo maana sisi wa kazini tunasema chumvi inakwisha nguvu kwenye nyuzi 15 za Farenhaiti, sawa na 9 chini ya sifuri za Selsiasi, ingawa kikomo chake cha kimaabara kiko mbali zaidi. Barabarani hakuna anayesubiri saa tatu nzima chembe moja ijikongoje.

Umeona nimesema joto la lami, sio la hewa. Hili ndilo watu hawalishiki. Simu yako inakupa joto la hewa, na lori langu lina kifaa kidogo kinachoitazama barabara na kunisomea joto la lami yenyewe. Namba hizo mbili zinaweza kupishana sana. Mwezi wa 11 hewa inaweza kuwa imeganda lakini ardhi bado ina joto la kiangazi, theluji inaanguka na kufia juu ya lami. Mwezi wa 3 jua likichomoza kidogo tu, lami nyeusi inalinyonya na kupasha, na chumvi iliyokuwa imelala tangu usiku inaanza kazi. Mwezi wa 1 alfajiri ndipo pabaya kuliko pote, maana lami imeshatoa joto lake lote usiku kucha na jua halijaja kulirudisha. Wewe ulitoka saa hiyo hiyo. Na madaraja ndiyo ya kwanza kuganda, kwa sababu barabara ya kawaida ina ardhi chini yake inayoipa joto, daraja lina upepo juu na chini.

Sasa utaniuliza: kama chumvi haifanyi kazi kwenye baridi ile, lori lilikuwa linamwaga nini? Katika baridi kali malori mengi hubeba mchanga. Mchanga hauyeyushi kitu, kazi yake ni kulipa tairi mahali pa kushika. Unachanganywa na chumvi kidogo ili wenyewe usigande ukawa jiwe ndani ya lori, na chembe hizo ukiziona kwa taa za gari utasema ni chumvi tupu. Wakati mwingine chumvi inakuwa imeloweshwa kwanza kwa chumvi nyingine za kimiminika, ambazo nitazigusa hapo chini. Na wakati mwingine inamwagwa alfajiri kwa hesabu ya saa nne asubuhi, lami itakapopata jua. Haikukusudiwa wewe wa saa 11.

Tena angalia ni wapi uliserereka. Kwenye taa. Sio nusu ya njia, wala kwenye kona. Katika baridi ya namna ile, mvuke unaotoka kwenye ekzosi za magari yanayosubiri taa unashuka na kuganda juu ya lami, utando juu ya utando, usiku kucha. Kila gari linalofunga breki linausugua, na kila gari linaloondoka linazungusha matairi na kuupiga msasa. Unapatikana ubapa wa barafu usio na rangi, lami inaonekana nyeusi na kavu kabisa kumbe ni kioo. Mita 30 za mwisho kabla ya taa ndizo hatari. Katikati ya barabara, ambako magari hayasimami, pengine palikuwa pakavu kweli, na ndiyo maana mwendo wako ulikuwa wa kujiamini. Hata mimi ningejiamini.

Baba Neema anafikiri kama nilivyofikiri mimi msimu wangu wa kwanza. Niliweka mtambo kwenye kiwango cha juu kabisa nikidhani nawahurumia watu. Shehena ikaniishia nusu ya njia, nikarudi kituoni kujaza, huku nyuma barabara iliyobaki ikakanyagwa na magari hadi theluji ikawa barafu. Mchana msimamizi wangu, mzee asiyependa maneno mengi, akanipeleka kwenye barabara niliyoimwagia sana, akanionyesha chumvi yangu: imelala kwenye majani, kwenye mtaro, kando ya njia, haijayeyuka hata chembe. Chumvi kavu inayorushwa na lori lenye mwendo inadunda kama mahindi kwenye kikaango, na sehemu kubwa, inaweza kufika karibu thuluthi, inaruka nje ya barabara. Siku hizi nalowesha chumvi kwa maji ya chumvi inapotoka kwenye sahani ya kutawanyia, inanata pale inapoangukia. Na naendesha polepole. Ukinikuta barabarani nakwenda maili 25 kwa saa usinipigie honi.

Kitu ambacho ningetaka Baba Neema akielewe kuliko vyote ni kwamba kinachosafisha barabara ni plau. Ndiyo, tunaliita plau, kama ile ya ng'ombe, ingawa hili linalima theluji. La mbele linasukuma, la ubavuni ambalo tunaliita bawa linapanua njia kwa upande wa kulia, na kwenye malori mengine kuna la tatu chini ya tumbo linalokwangua theluji iliyoshindiliwa. Chumvi ni msaidizi wake. Kazi yake hasa sio kuyeyusha theluji yote iliyoanguka, hakuna manispaa yenye chumvi hiyo, bali kuizuia isishikamane na lami. Fikiria ugali na sufuria. Ukiweka maji mapema, kesho unakwangua mara moja umemaliza. Ukiuacha ukauke ukashika, utasugua mpaka ukucha ukatike. Theluji iliyoanguka sasa hivi naiondoa kwa plau peke yake. Ikishakanyagwa na magari 200 na kuganda, hata plau lenye makali ya chuma kigumu linateleza juu yake.

Kwa hiyo maji tunaweka mapema. Siku moja kabla ya dhoruba utaona lami ina mistari myeupe myembamba inayokwenda sambamba, kama mtu ameichora kwa chaki. Ni maji ya chumvi yaliyonyunyizwa na kukauka. Theluji ya kwanza ikigusa mistari ile haipati pa kushika, na kiasi cha chumvi kinachotumika ni kidogo sana ukilinganisha na kile ambacho ungehitaji kuivunja barafu iliyokwisha kushikamana. Hatufanyi hivyo mvua ikitarajiwa kutangulia theluji, kwani itaosha yote. Wala hatufanyi kwenye baridi kali, kwani maji yenyewe yataganda na tutakuwa tumewatengenezea watu uwanja wa kuteleza.

Wewe wa Kigoma utanielewa haraka hapa. Uvinza, kando ya mto Malagarasi, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mchemshaji anajua kwamba maji yote ya chumvi hayalingani. Yetu ya barabarani yanapimwa hadi chumvi iwe asilimia 23 ya uzito. Ukipunguza, yanaganda mapema. Ukizidisha, cha ajabu, yanaganda mapema vile vile. Pale kwenye 23 ndipo yanapostahimili baridi kuliko popote, hadi zile nyuzi 21 chini ya sifuri nilizokutajia.

Zipo chumvi nyingine zinazokwenda mbali zaidi. Magnesiamu kloraidi inafika nyuzi 33 chini ya sifuri za Selsiasi kabla haijaganda, kalsiamu kloraidi inapita 50, na hii ya mwisho inatoa joto lake yenyewe inapoyeyuka. Lakini ni ghali, zinakula chuma, na zinaweza kuiacha lami na unyevu wa utelezi zikizidishwa. Tunazitumia kama pilipili, kidogo, kwa kulowesha chumvi ya kawaida. Jirani zetu wa Polk County, kule Wisconsin, wametumia hata maji ya chumvi yanayobaki kwenye viwanda vya jibini. Yanafanya kazi, na yanapatikana kwa wingi kwa sababu Wisconsin ni nchi ya jibini.

Kuna mtu lazima atauliza kwa nini wasiipashe tu barabara moto. Wapo wanaofanya hivyo. Mji wa Holland katika jimbo la Michigan unapitisha maji ya moto kwenye mabomba chini ya mitaa yake ya katikati, na Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, wanatumia maji ya moto ya ardhini yaliyokwisha kupasha nyumba. Kwa mitaa michache ya maduka sawa. Kwa barabara za jimbo zima, hapana.

Zamani hawakujisumbua na lolote kati ya haya. Kabla ya magari, watu wa kaskazini mwa Marekani walisafiri wakati wa baridi kwa magari ya farasi yenye miguu ya kuteleza, kwa hiyo waliitaka theluji. Waliishindilia kwa magogo mazito yaliyovutwa na farasi, na kwenye madaraja yenye paa waliajiri watu wa kuleta theluji na kuitandaza ndani. Ni gari la injini lililoigeuza theluji kuwa adui. Jimbo la kwanza kutumia chumvi kwa utaratibu lilikuwa New Hampshire, msimu wa 1941 na 1942. Kwa hiyo hii tabia ya kutaka lami nyeusi kila asubuhi ni ya juzi tu.

Na usidhani manispaa wanaweza kufanya ubahili wakalala usingizi. Januari 1979 theluji iliifunga Chicago, barabara zikashindwa kusafishwa, na mwezi uliofuata meya Michael Bilandic akaangushwa na Jane Byrne kwenye uchaguzi wa ndani wa chama. Kila meya wa ukanda huu wa baridi anaijua hadithi hiyo. Kama wanapunguza chumvi leo, sababu yake ina uzito kuliko bajeti.

Sababu ni maji. Rudi Uvinza: mchemshaji anachemsha, maji yanaondoka kama mvuke, chumvi inabaki sufuriani. Maziwa yetu ndiyo sufuria. Chumvi ninayomwaga Januari inayeyuka, inaingia kwenye mitaro, inashuka ziwani, na haiendi popote. Haiozi, hailiwi na vijidudu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kuyachafua maji ya ndoo ya galoni 5, lita 19 hivi, kwa kiwango kinachodhuru viumbe wa majini. Watafiti wa chuo kikuu cha hapa walipiga hesabu ya eneo zima la Minneapolis na Saint Paul, wakakuta zaidi ya theluthi mbili za chumvi inayomwagwa haziondoki na mto. Zinabaki kwenye maziwa, udongo na maji ya chini ya ardhi. Maziwa kadhaa ya mjini tayari yako kwenye orodha ya jimbo ya maji yaliyoharibiwa na kloraidi iliyomo kwenye chumvi. Kuitoa chumvi humo ungehitaji kuyachemsha maji yote, na hakuna sufuria ya ukubwa huo. Ya kutu kwenye gari lako hata siyasemi, osha tu tumbo la gari mara kwa mara.

Kwa hiyo ufanye nini alfajiri ya namna ile? Kabla hujatoka tazama joto, na ukiona liko chini ya 15 za hapa, sahau kwamba kuna chumvi barabarani, hata kama unaiona. Endesha kana kwamba hakuna kitu. Ukiwa kwenye mtaa mtupu, gusa breki kidogo upime barabara inasemaje. Kwenye kila taa anza kupunguza mwendo mapema mno, mpaka mwenye haraka nyuma yako akuchukie. Matairi ya theluji, yale yenye alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ni fedha iliyotumika vizuri kwa mtu wa zamu ya alfajiri. Hali ya barabara za jimbo unaweza kuipata kwa namba 511. Ukitukuta njiani, kaa nyuma yetu kwa nafasi ya magari 10, na usitupite kwa kulia hata kidogo. Bawa liko upande huo, na kwenye vumbi la theluji hutaliona.

Na gari lako usiliache barabarani siku ya tangazo la dharura ya theluji. Minneapolis wanatangaza kabla ya saa 12 jioni. Usiku wa kwanza, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, hairuhusiwi kuegesha upande wowote wa barabara kuu zilizowekewa alama. Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, mnaondoa magari upande wa nyumba zenye namba shufwa kwenye mitaa ya kawaida. Siku ya tatu, saa zile zile, upande wa namba witiri. Mtaa wako unasafishwa mwisho kwa mpango huo, sio kwa dharau: gari la wagonjwa na la zimamoto lazima yapate njia kuu kwanza. Gari moja lililoachwa linanilazimisha kulizunguka, theluji iliyo mbele na nyuma yake inabaki, wiki nzima mnaikanyaga, na hiyo ndiyo barafu mnayonilalamikia mwezi wa pili.

Mbele ya nyumba sasa. Sheria ya Minneapolis inawapa wenye nyumba za familia moja au mbili saa 24 tangu theluji ikome kusafisha njia ya waenda kwa miguu. Mwenye jengo la kupangisha watu wengi ana saa 4 tu za mchana, kwa hiyo kama mnakaa kwenye fleti, hilo ni jukumu la mwenye jengo. Beleshi kwanza, mapema, theluji ikiwa bado laini, hata kama itakubidi kutoka mara mbili. Ukifanya hivyo mara nyingi hutahitaji chumvi kabisa. Ikibidi, kikombe kimoja cha chai cha aunsi 12 kinatosha kwa njia ya gari ya futi 20, au kwa vigae 10 vya zege vya njia ya miguu. Kikombe kimoja, sio ndoo. Itawanye kama unavyolisha kuku, chembe zisirundikane. Zikibaki juu ya zege baada ya barafu kuisha, zifagie uziweke kwa safari ijayo. Chini ya nyuzi 15 nunua mfuko wa mchanga.

Kile kilima cha theluji tunachokuachia kwenye mlango wa njia yako ya gari, pale inapokutana na barabara, baada ya wewe kumaliza kupiga beleshi, najua mnatulaani nacho. Plau linasukuma kwenda kulia, na hatuwezi kuliinua kila tukifika kwenye mlango wa mtu. Simama mlangoni ukitazama barabara. Lori linakuja kutoka kushoto kwako. Theluji yako yote irushe upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, kando ya barabara kabla ya mlango, chimba uwazi wa hatua nne au tano. Kazi hiyo mpe Baba Neema. Theluji tunayokuja nayo itamwagikia kwenye uwazi ule kabla haijafika mlangoni kwenu.